Bahari ya Petermann: Dhana za Kale Kuhusu Ncha za Dunia



Mwaka 1856 jarida la jiografia la mji wa Gotha, Ujerumani, lilichapa ramani ya nchi zetu hizi za Afrika Mashariki. Pwani yake haina kasoro kubwa. Ukiingia bara, hata hivyo, unakutana na ziwa moja kubwa kupita kiasi, limejilaza katikati ya Afrika kama koa, kichwa karibu na Ikweta na mkia huko Nyasa. Ziwa hilo liliitwa Bahari ya Uniamesi. Waliolichora ni wamisionari wawili, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, na wote wawili hawakuwa wamelitia machoni. Erhardt alikaa Tanga miezi kadhaa mwaka 1854 akiwahoji watu wa misafara kuhusu njia zao. Wa njia ya kaskazini walimwambia kwamba mwisho wa safari ni maji makubwa. Wa njia ya kati walisema hivyo hivyo. Wa njia ya Kilwa nao hivyo hivyo. Erhardt akayaunganisha maji yale matatu kuwa maji mamoja.

Alikosea, lakini maji yapo. Leo tunayaita Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Ramani hiyo ilizua mabishano makali London, na mwaka 1857 wasafiri Burton na Speke wakaja kutazama wenyewe.

Mhariri wa jarida lile aliitwa August Petermann. Namleta mbele yenu jioni hii kwa sababu kwenye meza yake palikuwa na nafasi nyingine tupu ya kujaza, nayo ni Ncha ya Kaskazini. Huko nako aliweka bahari. Bahari ya Uniamesi iliwaleta wasafiri ziwani. Ile ya kaskazini iliwaua watu 20. Mtu ni yuleyule, na jarida ni lilelile. Nataka tuulize kwa nini bahari moja ilikuwa kosa la kusameheka na nyingine ikawa kaburi. Ili tufike huko, sina budi kuanzia mbali kidogo.

Wayunani wa kale walijua kwamba dunia ni mviringo, na hilo tuwape haki yao. Kutokana na mviringo huo walikata kauli nyingine ambazo hazikuwa na ushahidi. Aristotle aliigawa dunia katika kanda: katikati joto kali lisilokalika, kwenye ncha mbili baridi kali isiyokalika, na baina yake sehemu mbili za wastani ambako binadamu anaweza kuishi. Kwa hesabu hiyo sisi tulioketi humu ukumbini hatupo. Jambo la kuchekesha ni kwamba katika karne ya kwanza baada ya Kristo, wafanyabiashara wa Misri walikuwa wakija kununua pembe za ndovu katika bandari ya Rhapta, mahali fulani pwani ya Tanzania ya leo, kwa watu wasiokuwapo. Mmoja wao, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika mwongozo wa safari hizo, ule unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea. Anasema kwamba kupita Rhapta bahari haijachunguzwa, ila inapinda kuelekea magharibi na kuchanganyika na bahari ya huko. Alipatia.

Baada ya miaka mia hivi akaja Ptolemy wa Aleksandria, msomi hasa, mwenye hesabu za nyota na orodha za miji kwa maelfu. Katika jiografia yake, pwani ya Afrika Mashariki ikishapita Rhapta na rasi ya Prason haipindi magharibi. Inapinda mashariki na kuwa nchi isiyojulikana, inazunguka kusini yote hadi kukutana na Asia, na Bahari ya Hindi inabaki imefungwa pande zote kama ziwa. Hiyo ndiyo mbegu ya bara la kusini, na mbegu hiyo ilipandwa ubavuni mwetu. Al-Biruni katika karne ya 11 aliona kwamba bahari hizo mbili lazima ziungane, lakini ramani aliyoichora al-Idrisi mwaka 1154 kwa ajili ya mfalme wa Sicily bado inaivuta Afrika kuelekea mashariki. Mfanyabiashara alikuwa ameandika ukweli, na msomi akaufunika. Mpaka Wareno walipozunguka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1488, na Vasco da Gama akatia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, ndipo ukuta wa Ptolemy ulipobomoka. Na hata hapo haukubomoka wote. Ulisukumwa tu kusini zaidi, kule ambako hakuna aliyekuwa amefika.

Fikra ile ya kanda nayo ilichelewa kufa. Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848, mwanajiografia mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, aliiambia dunia nzima kwamba mmisionari ameota. Theluji karibu na Ikweta haiwezekani. Msema pweke hakosi.

Kaskazini kulikuwa na ubishi wa aina nyingine, kwa kuwa huko watu walikwenda na kurudi. Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad, alifika kwa Wabulgari wa mto Volga mwaka 922, akakuta usiku wa kiangazi mfupi hivi kwamba magharibi na alfajiri zinakaribia kugusana. Muadhini wa huko alimwambia kwamba halali usingizi kwa kuogopa sala ya asubuhi isimpite. Ibn Battuta, huyuhuyu tunayemjua kwa habari za Kilwa ya mwaka 1331, anasimulia Nchi ya Giza iliyo mwendo wa siku 40 kutoka Bulghar. Huko wafanyabiashara huenda na magari ya kuvutwa na mbwa, maana farasi na binadamu huteleza juu ya barafu. Mbwa wa mbele, aliyekwisha kuizoea njia, huuzwa hata dinari 1,000, na chakula chake hutangulia cha bwana wake. Wakifika, huweka bidhaa zao chini na kurudi nyuma. Kesho yake hukuta ngozi za manyoya zimewekwa kando ya bidhaa. Wakiridhika huchukua ngozi, wasiporidhika huziacha hapo mpaka ziongezwe. Hawawaoni wanaouziana nao, wala hawajui kama ni watu au ni majini.

Ibn Battuta anakiri kwamba alitaka kwenda akaghairi kwa sababu ya gharama na taabu. Wapo wataalamu wanaotilia shaka hata hiyo safari yake ya Bulghar. Mimi habari yake naipenda kwa sababu inaishia pale ilipopaswa kuishia. Biashara anaieleza, mbwa anawaeleza, bei anaitaja. Kuhusu waliomo gizani anasema haijulikani. Hakuwapa pembe wala mkia, hakuwajengea mji wa dhahabu.

Sasa mlinganishe na Mercator. Gerard Mercator ndiye mchoraji ramani mkubwa kuliko wote wa karne ya 16, na shule zetu bado zinatundika ukutani ramani za mtindo wake. Katika ramani yake ya mwaka 1569, na tena katika ile ya Ncha ya Kaskazini iliyotoka mwaka 1595 akiwa amekwisha kufa, ncha yenyewe ni jabali jeusi la sumaku, lenye mzunguko wa maili 33 hivi, limesimama katikati ya bahari. Kulizunguka kuna visiwa vinne vikubwa. Baina ya visiwa hivyo mikondo minne inakimbilia ndani kwa nguvu na kumezwa na tumbo la dunia. Kisiwa kimoja kinakaliwa na watu wafupi wa futi 4.

Alivipata wapi vyote hivyo? Kwa msafiri mmoja wa Kiholanzi aliyekuwa ameandika habari alizozikuta katika kitabu cha karne ya 14, na maandishi ya wote wawili yamepotea. Hata hivyo msimdharau Mercator. Dira inaelekeza kaskazini, kwa hiyo lazima kaskazini kuwe na kitu kinachoivuta. Bahari ina mikondo mikali kule Norway, kwa hiyo lazima maji yaende mahali. Jabali lile lilikuwa jibu la swali la kweli. Mwaka 1600 daktari Mwingereza, William Gilbert, alionyesha kwamba dunia yenyewe nzima ni sumaku, na tangu hapo jabali halikuwa na kazi tena. Liliondoka kwenye ramani polepole, kama mzee aliyestaafu asiyetaka kurudisha funguo za ofisi.

Kuhusu bara la kusini nitapita haraka, maana kisa chake kinajulikana. Lilikuwa kwenye ramani ya Oronce Finé mwaka 1531 na ya Ortelius mwaka 1570, kubwa kuliko mabara mengi halisi. Hoja yake ilikuwa mizani: kaskazini kuna nchi kavu nyingi, basi kusini nako lazima kuwe nayo ili dunia isipinduke. Kila kisiwa kilichoonekana kusini kilidaiwa kuwa rasi ya bara hilo. Tierra del Fuego ilikuwa rasi yake, mpaka Le Maire na Schouten walipopita kusini yake mwaka 1616. Mwaka 1770 Mskoti aliyeitwa Alexander Dalrymple alikwisha kuwahesabu wakazi wake: zaidi ya milioni 50, wakisubiri kununua bidhaa za Waingereza. Mwaka 1772 Mfaransa Kerguelen aliona pwani kwa mbali kupitia ukungu, akarudi kwa mfalme na habari za nchi yenye rutuba. Aliporudishwa huko kuthibitisha, akakuta majabali, upepo na pengwini. Alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi akafungwa.

James Cook ndiye aliyemaliza mchezo. Tarehe 17 Januari 1773 merikebu zake zilivuka Duara la Antaktika, na hakuna anayejulikana kuwahi kulivuka kabla yake. Tarehe 30 Januari 1774 alifika nyuzi 71 na dakika 10 kusini, akazuiwa na barafu. Hitimisho lake ni mfano wa uandishi wa haki: bara lile la watu milioni 50 halipo. Kama kuna nchi karibu na ncha yenyewe, imefunikwa na barafu na haitamfaa mtu. Nchi ikaja kuonekana mwaka 1820. Kwa hiyo waliosema kuna bara kusini walipatia, kwa hoja isiyo na maana hata kidogo. Mizani ya dunia haihitaji Antaktika. Tahadharini na mtu anayepatia kwa bahati, kwa sababu atadai ilikuwa akili.

Mwaka 1818 ukaleta kituko. Tarehe 10 Aprili, katika mji wa St. Louis, kapteni mstaafu wa jeshi la Marekani, John Cleves Symmes, aliusambazia ulimwengu waraka. Alitangaza kwamba dunia ni tupu ndani, ina tabaka zinazokalika, na imetoboka kwenye ncha zote mbili. Aliomba wenzake 100 mashujaa waondoke naye kutoka Siberia wakiwa na kulungu wa theluji na magari ya kuteleza, waingie. Pamoja na waraka aliambatanisha cheti cha kuthibitisha kwamba akili zake ni timamu. Watu walicheka kutoka Marekani hadi Ulaya.

Lakini tazameni matokeo. Symmes alizunguka miaka mingi akihutubia, akapeleka maombi kwenye Bunge la Marekani, akafa mwaka 1829 bila kwenda popote. Mfuasi wake Jeremiah Reynolds aliachana na habari za tundu, akabaki na ombi la msafara wa uchunguzi, na ombi hilo likachangia kuundwa kwa Msafara wa Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 1838 hadi 1842. Dhana ya tundu haikumwua mtu. Ilikuwa ya kipuuzi mno kuaminiwa na mwenye merikebu.

Dhana iliyoua ilikuwa na heshima zake. Iliitwa Bahari Wazi ya Ncha. Ilisema hivi: ukanda wa barafu unaowazuia mabaharia ni ukanda tu. Ukishaupenya, mbele kuna bahari iliyo wazi, pengine ya vuguvugu, mpaka kwenye ncha yenyewe. Hebu sikilizeni hoja zake, nanyi mniambie mngezikataa vipi. Jua huko halizami kwa miezi sita, joto hilo linakwenda wapi? Maji ya chumvi hayagandi kirahisi, kwa hiyo barafu lazima itoke mitoni na pwani, na mbali na nchi kavu haiwezi kuwapo. Ndege huruka kuelekea kaskazini wakati wa kuzaliana, nao si wajinga. Nyangumi amekutwa upande wa Pasifiki akiwa na chusa alilochomwa upande wa Atlantiki. Mikondo ya maji moto, ule wa Ghuba na ule wa Japani, inaelekea kaskazini na kuzama chini ya barafu, lazima iibuke mahali fulani. Zaidi ya hayo, waliofika mbali waliona kwa macho yao. Mwaka 1854 William Morton, baharia wa msafara wa Mmarekani Elisha Kent Kane, pamoja na kijana wa Greenland, Hans Hendrik, walikwenda kaskazini wakaona maji meusi yasiyo na barafu mpaka upeo wa macho. Isaac Hayes naye akadai kuiona mwaka 1861, na mwaka 1867 akaitolea kitabu chenye jina hilohilo la bahari. Tunajua leo kwamba waliona bwawa la maji wazi katikati ya barafu, la aina inayofunguka na kufunga kila mwaka.

Walikuwapo waliojua. Wavuvi wa nyangumi walikwenda huko kila kiangazi, karne mbili nzima. Mmoja wao, William Scoresby wa Whitby, akiwa kijana wa miaka 16 mwaka 1806 alikuwa ndani ya merikebu ya baba yake ilipofika nyuzi 81 na nusu. Kitabu chake cha mwaka 1820 kinaeleza hatua kwa hatua jinsi maji ya bahari yanavyoganda, mbali na pwani yoyote, mbele ya macho ya anayetazama. Ushahidi huo peke yake ulitosha kuiondoa hoja ya chumvi. Lakini John Barrow, ofisa mwenye nguvu katika ofisi ya jeshi la majini la Uingereza, hakutaka kusikia la mvuvi. Scoresby alijitolea kuongoza msafara akakataliwa, na Barrow akapeleka maofisa wa jeshi. Mwaka 1827 mmoja wao, Edward Parry, aliiacha merikebu Spitsbergen akatembea juu ya barafu kuelekea kaskazini akiburura mashua. Alifika nyuzi 82 na dakika 45, akagundua kwamba barafu anayoikanyaga inasafiri kusini, tena karibu kwa mwendo wake mwenyewe. Wanatembea mchana kutwa, wakipima wanajikuta karibu palepale.

Kwa nini basi dhana haikufa mwaka huo? Nadhani ni kwa sababu ya msiba. Mwaka 1845 John Franklin aliingia kwenye visiwa vya kaskazini mwa Kanada na merikebu mbili na watu 129, wasirudi. Miaka ikapita. Mjane wake, marafiki, magazeti, wote walihitaji mahali ambapo watu 129 wangeweza kuwa hai bado. Bahari ya vuguvugu yenye samaki na ndege, iliyofungwa nyuma ya barafu, ilikuwa mahali hapo hasa. Mwaka 1852 Petermann, akiwa bado London, alitoa pendekezo la kumtafuta Franklin kwa kupitia baina ya Spitsbergen na Novaya Zemlya, alikosema maji ya moto yanafungua lango. Matumaini yalivaa koti la sayansi.

Petermann hakuwa tapeli. Alikuwa mchapakazi, mkusanyaji wa habari asiye na mfano, na ramani zake za Afrika zilikuwa za kuaminika kuliko nyingi za wakati wake. Alitafuta fedha za misafara ya Wajerumani. Katika ule wa mwaka 1869 merikebu Hansa ilibanwa na barafu ikazama, na mabaharia wake wakaelea juu ya pande la barafu siku zipatazo 200 kabla ya kuokoka. Petermann akasema wamekosea lango. Waustria wakaenda mwaka 1872 na Tegetthoff, nayo ikaganda, wakaiacha wakarudi kwa miguu na mashua. Lango lingine hilo. Kiongozi wao mmoja, Payer, alimpa zawadi ya ajabu: aliona nchi kaskazini ya visiwa vya Franz Josef, akaiita Nchi ya Petermann. Ramani zikaichora. Nchi hiyo haikuwahi kuwapo.

Ndipo mwaka 1877 akamtembelea Gotha mwenye gazeti la New York Herald, James Gordon Bennett Mdogo. Huyu tunamjua kwa jambo jingine: ndiye aliyemtuma Stanley amtafute Livingstone, wakakutana Ujiji mwaka 1871. Alikuwa anatafuta kisa kingine cha kuuzia magazeti. Petermann akamweleza kwamba lango la kweli liko Mlango wa Bering, ambako mkondo wa Japani unaingia. Bennett akanunua merikebu, akaipa jina la dada yake, Jeannette, na jeshi la majini la Marekani likatoa kapteni, George De Long. Petermann hakuona mwisho wake. Alijiua mwezi wa Septemba 1878.

Jeannette iling'oa nanga San Francisco tarehe 8 Julai 1879 na watu 33 kwa hesabu ya mwisho. Miezi miwili baadaye ilikuwa imegandishwa karibu na kisiwa cha Wrangel, ambacho Petermann alidai ni ncha ya nchi kubwa inayovuka juu ya dunia kutoka Greenland. Barafu iliibeba merikebu miezi 21, ikapita kaskazini ya Wrangel, na nchi hiyo kubwa ikageuka kisiwa cha kawaida. De Long alipima joto la maji siku baada ya siku akiutafuta mkondo wa Japani. Haukuwapo. Aliandika katika shajara yake kwamba lango la maji moto ni ndoto na mtego. Tarehe 12 Juni 1881 barafu iliivunja merikebu, na usiku wake ikazama. Wakaburura mashua tatu hadi kwenye maji wazi, wakapigwa na dhoruba kabla ya kufika mlango wa mto Lena. Mashua moja ilipotea na watu wake wote 8. Moja, ya mhandisi Melville, iliokoka na watu 11. Ya De Long ilifika nchi kavu ikiwa na watu 14, mahali pasipo na mtu. Aliwatuma wawili wakatafute msaada, nao wakapona. Wengine wakafa kwa njaa na baridi mmoja baada ya mwingine, na shajara ya kapteni inaishia tarehe 30 Oktoba 1881. Hawa ndio 20 niliowataja mwanzoni.

Mwaka 1884 vitu kadhaa vya Jeannette vilipatikana juu ya barafu karibu na Julianehåb, kusini magharibi ya Greenland. Kulikuwa na orodha ya vyakula yenye sahihi ya De Long, na suruali ya mvua yenye jina la Louis Noros, mmoja wa wale wawili waliopona. Vilikuwa vimevuka upande wa pili wa dunia. Mnorwei Fridtjof Nansen alisoma habari hiyo, akafikiri: kama barafu inasafiri, basi iache inibebe. Akajengesha merikebu Fram yenye umbo la kuteleza juu barafu inapoibana, akajigandisha kwa makusudi mwaka 1893, na baada ya miaka mitatu Fram ikatokea upande wa Atlantiki, watu wote 13 wakiwa hai. Yeye na mwenzake Johansen walikuwa wameshuka njiani wakajaribu kufika ncha kwa miguu. Nansen naye alikwenda na dhana yake: aliamini bahari hiyo ni ya kina kifupi. Kamba za kupimia hazikugusa chini. Ikabidi wafumue kamba za waya na kuziunganisha, wakapata zaidi ya mita 3,000. Kitu kingine alichokipata ni cha kumhurumia Petermann. Chini ya maji ya juu yenye baridi kali, alikuta tabaka la maji ya vuguvugu kidogo kutoka Atlantiki. Mkondo wa Ghuba kweli unaingia huko. Ila hauibuki.

Narudi kwenye swali langu. Bahari ya Uniamesi ilichorwa na mtu aliyeketi Tanga akiwasikiliza waliokwenda. Aliwasikia vibaya kidogo, lakini nyuma ya kila mstari wake kuna miguu iliyotembea. Bahari Wazi ilichorwa kwa kanuni za joto na chumvi, na waliokwenda, yaani wavuvi wa nyangumi, waliambiwa hawana elimu. Petermann alikuwa na busara ileile katika kazi zote mbili. Kilichotofautiana ni mashahidi aliowakubali. Hukumu yangu ndiyo hiyo, na najua wapo humu watakaosema namwonea, kwa kuwa dhana bila kujaribiwa haiwezi kukanushwa. Nakubali. Ila jaribio lilikwisha kufanywa na Parry mwaka 1827, kisha na Hansa, kisha na Tegetthoff. Kuna wakati mtu anayeomba jaribio jingine huwa anaomba watu wengine wafe.

Karne ya 20 haikuleta nafuu ya haraka. Mwaka 1906 Mmarekani Robert Peary alidai kwamba akiwa juu ya rasi kaskazini ya Kanada aliona vilele vya nchi mpya upeoni. Akaiita Crocker Land, kwa heshima ya tajiri aliyempa fedha. Watafiti waliosoma shajara yake ya siku zile hawakuikuta nchi hiyo humo. Mwaka 1913 msafara wa Donald MacMillan ulikwenda kuitafuta, na mwezi wa Aprili 1914 MacMillan, afisa kijana aliyeitwa Fitzhugh Green, na Wainughuiti wawili, wenyeji wa Greenland, Piugaattoq na Ittukusuk, walikuwa juu ya barafu. Asubuhi moja wakaiona: milima, mabonde, vilele vyeupe. Piugaattoq, mtu mzima aliyezaliwa katika barafu na kuwaongoza wasafiri wengi, aliitazama akasema ni ukungu. Wakaendelea siku kadhaa hata hivyo. Kila jua lilipozunguka milima ilibadilika sura, na jioni ikatoweka. Yalikuwa mazigazi.

Waliporudi nchi kavu Green alitumwa pamoja na Piugaattoq wachunguze pwani, dhoruba ikawapata, wakagombana njiani, na Green akampiga risasi akamwua. Jamaa za marehemu waliambiwa kwamba alikufa kwa ajali ya theluji. MacMillan aliujua ukweli, na Green mwenyewe aliuandika. Kisha akaendelea na kazi yake katika jeshi la majini la Marekani, na hakushtakiwa.